Neno Moja, Maana Mbili

Sisi tukaao Tarakea, upande wa Rombo karibu na mpaka wa Kenya, hatuna uwanja wa ndege. Walakini ndege twaziona. Usiku, mawingu yakiuachia mlima, taa zake hupita mbali juu ya vichwa vyetu, na nyingine hushukia Uwanja wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971 katika nyika iliyo kati ya Moshi na Arusha. Jioni moja mtoto mmoja aliyechelewa kurudi kwao alitazama juu, akatuuliza, "Mwalimu, ndege hizi zote hazigongani?"

Tukamjibu kwamba mbingu ni pana, na kila ndege hupewa njia yake na kimo chake. Lakini tulipokwenda kusoma habari hizo, tusije tukamdanganya mtoto, tuliona jambo lililotushangaza. Katika ajali zote za ndege, ile iliyoua watu wengi kuliko zote haikutokea mbinguni. Ilitokea uwanjani, katika njia ya kurukia.

Hata sisi wa Afrika Mashariki tumeonja uchungu wa hatari iliyo chini. Tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliyotoka Nairobi kwenda London, ilikuwa ikiondoka Addis Ababa. Katika mbio zake gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichoachwa njiani, tairi likapasuka. Rubani akataka kusimama, lakini njia ilimwishia. Ndege ikaporomoka mwisho wa uwanja, ikashika moto. Katika watu 107, walikufa 43. Kipande cha chuma ni kitu kidogo. Lakini kilicholeta ule msiba mkubwa kuliko yote kilikuwa kidogo kuliko chuma, kilikuwa neno.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, kimoja cha visiwa vya Hispania vilivyo mbele ya pwani ya magharibi ya Afrika. Ndege mbili kubwa, moja ya Uholanzi na moja ya Marekani, zilikuwa zikienda kisiwa cha jirani. Lakini huko bomu lilikuwa limelipuka uwanjani, basi ndege nyingi zikaamriwa kushukia Tenerife. Uwanja ule ulikuwa mdogo, ukajaa. Ndege ziliziba njia ya pembeni, hata zile mbili zikawa hazina budi kupita katika njia yenyewe ya kurukia, moja ikiifuata nyingine. Kadhalika uwanja ule uko mlimani, na mawingu yakatambaa juu yake. Sisi wa mlimani twaujua ukungu wa namna hiyo: mtu husikia kengele ya mbuzi wake, na mbuzi asimwone.

Ndege ya Uholanzi ikafika mwisho wa njia, ikageuka, ikawa tayari kuruka. Ile ya Marekani ilikuwa bado njiani, ikitafuta mahali pa kutokea. Hawakuonana, wala mwongozaji aliyekuwa mnarani hakumwona hata mmoja wao. Kilichowaunganisha kilikuwa sauti ya redio tu.

Rubani mkuu wa Uholanzi alikuwa mtu wa heshima sana, mwalimu wa marubani wenziwe. Alipotaka kuondoka mara ya kwanza, msaidizi wake alimkumbusha kwamba bado hawajaruhusiwa. Wakaomba. Mwongozaji akawaeleza njia watakayoifuata baada ya kuruka, hakusema, rukeni. Msaidizi alikuwa bado akiyarudia maneno hayo, na rubani amekwisha kuiachia ndege. Msaidizi akamaliza kwa maneno yasiyo wazi, ambayo mwongozaji aliyaelewa kuwa, tuko tayari. Mwongozaji akaanza kujibu kwa neno ambalo kwetu tungelisema, "Haya." Kisha akaongeza kwamba wangoje, atawaita. Saa ile ile Wamarekani nao wakasema kwamba wao wangali njiani. Sauti mbili zikagongana katika redio moja, na ndani ya ndege ya Uholanzi ukasikika mlio mkali tu. Lililofika vizuri lilikuwa lile "haya."

Baadaye kidogo mtu wa tatu katika chumba cha marubani, fundi wa mitambo, alisikia neno jingine katika redio likamtia shaka. Akauliza kama ile ndege ya Marekani imekwisha kutoka njiani. Wakubwa wake wakamjibu kwamba imetoka. Naye akanyamaza. Sekunde chache tu baadaye ndege zikagongana. Walikufa watu 583. Katika ndege ya Uholanzi, wote 248 waliokuwamo hawakupona hata mmoja. Katika ile ya Marekani walipona 61.

Tuliposoma habari hiyo hatukuweza kulala, na sababu yake si ndege. Tulikuwa tumelikumbuka jambo letu wenyewe, ambalo miaka mingi hatukupenda kulitaja.

Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati wa baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Shule yetu ilikuwa ikijenga darasa, na lori lilileta mchanga. Uwanja ulikuwa na mteremko, ikalibidi lori liingie kinyumenyume. Sisi ndio tuliosimama kando kumwongoza dereva, na watoto tulikuwa tumewaambia wakae ukutani. Msichana mmoja wa darasa la nne akatujia mbio, akasema, "Mwalimu, samahani, bado..." Tukamkatiza. Tukamwambia, "Nyamaza, wakubwa wanasema." Msichana akainamisha kichwa, akanyamaza, kama tulivyomfundisha. Ndipo dereva akapiga kelele kutoka kiti chake, "Mwalimu, nije?" Nasi, akili yetu ikiwa kwa yule msichana, tukajibu, "Haya!" Maana yetu ilikuwa, tumekusikia, subiri kidogo. Yeye alielewa, njoo.

Nyuma ya lori alikuwako mvulana aliyerudi kuchukua jembe lake. Hakufa, twashukuru, lakini mguu wake ulivunjika mahali pawili. Yule msichana, tulipokwisha kumpakia mwenzake kumpeleka hospitali, alisimama mbele yetu analia, akasema, "Mwalimu, nilitaka kusema kwamba bado yuko."

Wazee wetu husema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mithali hiyo tumeifundisha miaka mingi, na bado ni ya kweli. Lakini siku ile aliyesikia la mkuu alikuwa yule msichana. Asiyesikia tulikuwa sisi, tusiosikia la mdogo, na guu lililovunjika halikuwa letu wala lake.

Basi yafaa kujua jinsi watu wa ndege walivyojirudi baada ya msiba wa Tenerife. Kwanza, lile neno la kuruka waliliwekea mpaka: halitajwi katika redio ila wakati wa kutoa ruhusa yenyewe ya kuruka, au wa kuiondoa. Kabla ya hapo hutumika neno jingine. Pili, aliyepewa amri haruhusiwi kujibu "haya" au "sawa" tu. Sharti airudie, ili aliyetoa asikie kama imefika kama ilivyotoka. Tatu, mkubwa hufundishwa kumsikiliza mdogo, na mdogo hufundishwa kusema shaka yake, asipojibiwa vema aseme tena.

Wala tusidhani kwamba hatari imekwisha. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda huko Tokyo, ndege kubwa ya abiria iliyokuwa ikitua iliigonga ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa imesimama njiani. Rubani wa ndege ndogo alikuwa ameambiwa kwamba ni wa kwanza katika zamu, na asogee mpaka mahali pa kungojea. Yeye akaelewa kwamba ameruhusiwa kuingia. Tena neno moja, maana mbili. Watu watano kati ya sita wa ndege ile ndogo walikufa. Lakini katika ile kubwa walikuwamo watu 379, wakatoka wote hai kabla moto haujaimaliza. Chombo cha kutangazia kiliharibika. Wahudumu wakapaza sauti zao wenyewe, na wale wa nyuma, waliposhindwa kuwasiliana na rubani, walikata shauri wenyewe wakafungua mlango. Wadogo wale hawakungojea kuambiwa neno na mkubwa asiyeweza kusikika.

Nasi hapa Tarakea tumejiwekea desturi. Lori likija shuleni, mtu mmoja tu huliongoza. Naye hatumii "haya" hata kidogo, ila "njoo" au "simama," na dereva hulirudia neno hilo kabla ya kugusa usukani. Na mtoto ye yote, hata wa darasa la kwanza, ana ruhusa ya kupiga kelele "Simama!" bila kuomba samahani. Akikosea, hatumkemei, twamshukuru, kisha twaendelea na kazi. Mara mbili wamekosea. Mara moja hawakukosea.

Wenzetu mlio wazazi, walimu na wakubwa wa kazi, heshima ya watoto wetu ni mali, msiitupe. Lakini mtoto akija mbio akisema, "Samahani, bado," mwacheni amalize neno lake. Sisi tulimkatiza mmoja, na mwenzake amekwisha kuwa mtu mzima sasa. Kila ashukapo mteremko wa kwenda sokoni, twauona mguu wake.