Kuirudia Baisikeli ya Mgongo Mgumu

Kwetu Kolwezi mtu asiye na baisikeli, au kinga kama tusemavyo huku, ni kama mtu aliyefungwa mguu mmoja. Kwa kinga makala hutoka msituni, unga hutoka mashineni, na magunia ya mawe ya shaba na kobalti hufikishwa kwa wanunuzi huko Musompo. Basi mtu akibadili kinga yake majirani huona, na huuliza. Nasi tumeulizwa sana mwaka huu.

Miaka mitatu iliyopita mpwa wetu alituletea kutoka Zambia baisikeli ya milimani yenye springi mbele na nyuma. Hatukuwa tumepata kukalia kitu kama kile. Barabara za udongo za hapa, magari makubwa ya migodi yakisha kupita, huwa na mikunjo kama ubao wa kufulia nguo. Na sisi, tulio na umri wa kuumwa kiuno, tuliielea mikunjo ile kama mtumbwi juu ya ziwa la Nzilo. Twakiri pia kwamba tulipenda kutazamwa. Vijana walitwita Mzee wa Springi, nasi tukajifanya hatusikii.

Lakini chombo kile kilikuwa na viungo vingi kama mwili wa mtu. Pale fremu inapokunjika mna beringi ndogo ndogo, na vumbi jekundu la kiangazi liliziingia likazisaga. Springi ya nyuma ilikuwa ya hewa, nayo yataka pampu yake maalumu, ambayo sokoni hatukuipata. Kila tukipanda mlima, nguvu za miguu zilimezwa na ile springi badala ya kufika gurudumuni. Tena haikuwa na keria, maana nyuma pote palichezacheza. Haya yote tuliyavumilia kwa ajili ya fahari.

Usiku mmoja wa Februari, mvua ikinyesha, binti yetu wa miaka sita alishikwa na homa kali ya malaria, akaanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Pikipiki ya kukodi haikuonekana. Tuliitoa baisikeli yetu, na pale mlangoni tukasimama: mtoto akae wapi? Mama yake alimfunga mgongoni mwetu kwa kitenge, nasi tukaondoka. Kwa uzito wa watu wawili springi iliyochoka ililala kabisa, fremu ikashuka, pedali ikagonga jiwe, tukaanguka kabla ya kufika njia kuu. Namshukuru Mungu, tuliangukia kifua; mtoto hakuumia.

Jirani yetu mchimbaji alisikia kishindo, akatoka na kinga yake nyeusi ya chuma, ile ya kubebea magunia. Akasema, "Baba, acha hiyo. Mama akae nyuma na mtoto, mimi nitasukuma." Ndivyo tulivyofika kituo cha afya, sisi tukikimbia kando na kiatu kimoja. Binti alilazwa siku nne. Katika siku hizo nne, tukikaa kando ya kitanda, tulikwisha kukata shauri.

Tuliirudisha kwa mpwa wetu, tukiona haya kidogo, naye akatutafutia nyingine yenye springi mbele tu, na nyuma chuma kitupu. Fundi akaikaza keria kwa bolti nne.

Mtu hadhani kwamba mwili husahau. Juma la kwanza tuliteremka mlima kwa mwendo wetu wa zamani. Gurudumu la nyuma likaruka, tandiko likatupiga, nasi tukaishia majanini. Springi zilikuwa zimetulea vibaya: tulikuwa tumezoea kukaa kitako na kuliachia shimo lifanye lipendavyo. Ikatupasa kujifunza upya kuinuka juu ya pedali, kulegeza magoti, na kuitazama njia mapema tuchague pa kupita. Tulipunguza pia hewa kidogo katika tairi la nyuma. Jambo hili lilitukumbusha Dunlop, yule tabibu wa wanyama wa Belfast, ambaye mwaka 1887 alitengeneza tairi la hewa kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe iliyokuwa ikimtikisa. Naam, hiyo ni springi tosha, wala haina beringi.

Kiuno chauma, hatusemi uongo. Baada ya safari ya Musompo na kurudi twalala chali sakafuni. Lakini milima twaipanda upesi kuliko zamani, na yule aliyetwita Mzee wa Springi sasa hutuomba tumpakie gunia lake. Tena kila asubuhi binti yetu hukaa kwenye keria akienda shule, ameshika shati letu, na kila tukikaribia shimo hutupigia kelele, "Baba, simama!" Naye hamaanishi baisikeli, ataka tuinuke kwenye tandiko.