Wahusika Bapa wa Rafiki

Aprili 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, wiki chache kabla haijawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa rasmi katika tamasha la Cannes. Septemba Jaji Wilfrida Okwany akairuhusu kwa siku 7. Tangu hapo imelaaniwa na kutetewa sana. Kuhakikiwa, kidogo mno.

Kena na Ziki, wasichana wa Nairobi wanaopendana huku baba zao wakishindana katika uchaguzi, ni wahusika duara. Kena anacheza kandanda na wavulana, anauza katika duka la baba yake, anawaza uuguzi hadi Ziki anapomuuliza kwa nini asiwaze udaktari. Wanaowazunguka, la. Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula, yupo ili aeneze umbea. Mchungaji yupo ili alaani. Kijana anayetukanwa mtaani kwa kudhaniwa anapenda wanaume wenzake anapita kimya, nasi hatumjui. Mtaa mzima umebanwa ukawa pazia la nyuma.

Jambo hili hunigusa kwa sababu mimi ni Mgogo wa Haneti. Katika vichekesho vyetu, Mgogo akitokea tu, mtazamaji keshajua: ombaomba, lafudhi ya kuchekesha, basi. Ni kweli, miaka ya njaa wapo waliokwenda Dar es Salaam kuomba. Lakini Haneti wapo pia wachimba vito, wafugaji, walimu, wakulima wa mtama na uwele, na wapo wachoyo wasioomba wala kutoa. Hao hawajaandikiwa filamu.

Ndiyo maana hoja ya bodi hainiingii akilini, hata kabla hatujafika kwenye sheria au maadili. Kahiu ameeleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na haukuonyesha majuto. Kwa lugha ya darasani, serikali iliagiza mhusika bapa mwingine: msichana anayempenda msichana, lazima ajute. Maofisa wanaonisoma wanajua agizo la namna hiyo huandikwaje.

Kahiu alikataa, na kukataa huko nakuheshimu kuliko kitu kingine chochote katika filamu yake. Ningependa tu angempa Mama Atim dakika mbili za kuwa peke yake kibandani, wateja wakiwa wameondoka.