Mwandishi Akiondoka, Nani Anadai Mwisho wa Hadithi?

Huku Uingereza msomaji ana mdomo. Mwandishi akichelewesha kitabu, anafokewa. Akifariki, watu wanauliza nani atamalizia. Mfanyakazi mwenzangu hapa ghalani Leicester bado ana kinyongo na George R. R. Martin, ambaye kitabu cha tano cha mfululizo wake wa majoka na viti vya enzi kilitoka 2011, na cha sita kikabaki ahadi. Kila saa ya chai hilo ndilo somo lake. Kwetu wangemwambia mzee wa watu aachwe apumzike.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Desemba 1893 Arthur Conan Doyle alimtosa Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach, na inasimuliwa kwamba wasomaji kwa maelfu waliacha kununua jarida la Strand. Madai hayakukoma, na pesa nazo zilikuwa nono. Mwaka 1901 Holmes akaibuka katika kisa cha kabla ya kifo chake. 1903 akarudi mzima kabisa.

Wenye hadithi za kufikirika wana mambo makubwa zaidi. Robert Jordan alifariki Septemba 2007, The Wheel of Time ikiwa imefika kitabu cha 11. Aliacha madokezo ya namna itakavyoisha. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamkabidhi kazi Brandon Sanderson. Kitabu kimoja kilichosalia kikazaa vitatu, cha mwisho kikatoka 2013. Terry Pratchett, aliyefariki 2015, alitaka kinyume chake. Agosti 2017, kwa kufuata matakwa yake, diski ya kompyuta yenye kazi zake ambazo hazijakamilika ililazwa chini ya mtambo wa mvuke wa kushindilia barabara, kwenye maonyesho huko Dorset. Basi, hakuna wa kumalizia.

Nyumbani, Handeni na Korogwe, kizazi cha wajomba zangu nacho kilikuwa na mashujaa wake. Kulikuwa na Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974. Kulikuwa na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Kizanzibari na kiko chake mdomoni. Nakala ya Njama, kitabu kingine cha Willy Gamba, niliyoisoma kwa mjomba Handeni haikuwa na jalada. Ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi wa katani, na ukurasa wa mbele ulijaa majina ya waliopata kuwa nayo, moja limekatwa, jingine limeandikwa juu yake. Kurasa za mwisho zilishakwenda zamani.

“Mjomba, mwisho wake uko wapi?”

“Kaa hapo, mjomba, nikusimulie.”

Akanisimulia mpaka taa ikaishiwa mafuta. Baadaye jirani yetu wa Korogwe alinipa mwisho tofauti kabisa wa kitabu hichohicho, na kila mmoja aliapa kausoma kwa macho yake.

Abdulla alifariki 1991, Mtobwa 2008, Musiba 2010. Musiba alikuwa ameshazama kwenye biashara, hata akaongoza chemba ya wafanyabiashara, TCCIA. Likizo iliyopita, baada ya shikamoo na habari za mvua, nilimwuliza mjomba walivyopokea kifo cha Musiba.

“Tulisema Mungu amrehemu,” alinijibu. “Sasa tungefanyaje? Willy Gamba si yupo? Kwani wewe huwezi kusimulia?”

Jibu hilo lina raha yake. Watu waliokuzwa na paukwa pakawa hawamwombi mjane ruhusa. Msimuliaji akichoka, aliyekaa karibu anapokea. Mashabiki wa Jordan wanaochambua ni sentensi ipi ya marehemu na ipi ya mrithi wangewachekesha sana wazee wa Handeni.

Lakini uungwana wetu una gharama. Mchapishaji aliyeko Dar es Salaam hasikii kiu ya mtu wa Handeni, maana mtu wa Handeni hadai kitu. Keshajimalizia hadithi mwenyewe. Asiposikia, hachapi upya. Nakala moja ikisomwa na watu thelathini, mwandishi anapata jina, hapati karo ya watoto. Ndipo anapogeukia biashara, siasa au kazi ya ofisini, nasi tunamuaga kwa heshima, bila kelele. Tungemgombeza kwa haki gani, ikiwa hatukumlipa hata alipokuwa anaandika?

Mwenzangu wa Leicester anafoka kwa sababu vitabu vyote vitano amevinunua kwa pesa yake. Kuna ukali ndani yake nisioupenda, maana mwandishi si kibarua wa mtu. Hata hivyo, ukali huo unamwambia mchapishaji kwamba wateja wapo wanasubiri.

Ndiyo maana hizi simulizi za kwenye simu zinanipa moyo. Mwandishi anatoa vipande vya kwanza bure, kisha anayetaka mwendelezo anatuma hela kidogo. Binamu yangu wa Korogwe juzi alikuwa anamlalamikia mwandishi mmoja kwa kuchelewesha sehemu inayofuata, tena kwa maneno makali. Nikamwuliza kama alishalipia. Alishalipia. Nikamwambia aendelee kulalamika.