Mwenye Seva na Wenye Kucheza



Wazazi kadhaa wametuomba tueleze namna tunavyoliendesha lile kundi la gemu la watoto wetu, maana wapo wanaodhani kwamba kazi ya msimamizi ni kukaa mbele ya kompyuta na kucheza na watoto. Laiti ingekuwa hivyo! Sisi ni wasimamizi watano: wawili tuko Uingereza, mmoja Muscat, mmoja Minneapolis na mmoja Toronto. Tulianza mwaka 2020, wakati wa korona, shule zilipofungwa na watoto wakabaki kuangaliana na kuta. Tukafungua dunia moja ya Minecraft ambamo watoto wa Waswahili, kwa sasa wapatao sitini, wangeingia kucheza na kusema Kiswahili. Hilo la Kiswahili ndilo lililokuwa lengo. Tumelifikia kwa kiasi; watoto wetu sasa wanajua kugombana kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Kwa asiyeijua gemu hii, asili yake ni Sweden, toleo lake kamili lilitoka Novemba 2011, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua kampuni iliyoitengeneza kwa dola bilioni 2.5. Dunia yake ni ya vipande vya mraba, mfano wa matofali. Mtoto anachimba, anakata miti, anafuga kuku, anajenga nyumba. Lakini alichokijenga huyu, yule anaweza kukibomoa, na sanduku la mali halina kufuli. Ipo seva moja mashuhuri iitwayo 2b2t, iliyoanza Desemba 2010, ambayo haina sheria hata moja. Pale mahali wachezaji wapya wanapoanzia pamelipuliwa na kuchimbuliwa miaka nenda miaka rudi mpaka pamekuwa mashimo na magofu matupu. Mtu asiyetaka mwanawe akulie mahali kama pale, hana budi kuweka wa kuamua.

Na hapo ndipo shida inapoanza. Gemu yenyewe inampa msimamizi madaraka kwa ngazi nne. Akifika ya pili anaweza kujipa kitu chochote atakacho, hata almasi kwa mamia. Akifika ya tatu anaweza kumtoa mchezaji au kumfungia asirudi tena. Ya nne ni ya kuizima seva yenyewe. Amri ya kumfungia mtoto ni neno moja na jina lake, basi. Msimamizi asipojisumbua kuandika sababu, mtoto anaona tu kwamba amefungiwa na msimamizi. Miezi minane ya kujenga imekwenda, na hajui amwendee nani. Kwetu watu wakicheza bao barazani na mmoja akaficha kete, waliokaa pembeni wameona, na kila mmoja atasema lake, hata yule ambaye hakuulizwa. Msimamizi wa gemu anaamua peke yake, saa sita za usiku, hakuna amwonaye.

Jambo hili ni la zamani kuliko sisi. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex hapa Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianzisha gemu ya maandishi matupu iliyoitwa MUD, ambamo watu wengi walicheza pamoja kwa wakati mmoja. Mchezaji aliyekusanya alama za kutosha alipandishwa cheo akawa na uwezo juu ya wenzake, na cheo chenyewe kiliitwa mchawi. (Sisi tulipowaambia wazazi wetu kwamba wasimamizi wa gemu huko walikuwa wakiitwa wachawi, mama mmoja alisema, angalau Wazungu hawakuficha.)

Mwaka 1990 Pavel Curtis, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, alifungua dunia ya namna hiyo iliyoitwa LambdaMOO. Wachawi wake walichoka kuamua ugomvi wa watu, na Desemba 1992 wakatangaza kwamba tangu hapo watashughulikia mambo ya kiufundi tu, ya kijamii watu wajiamulie wenyewe. Haikupita hata nusu mwaka. Mchezaji mmoja akatumia ujanja kuwafanya wahusika wa wenzake waonekane wakitenda machafu mbele ya watu wote. Wakazi wakakutana, wakasema kwa muda mrefu, wasipate uamuzi, mwishowe mchawi mmoja akamfuta yule mtu kwa mkono wake mwenyewe. Curtis akaweka utaratibu wa maombi na kura. Nao ukachakaa. Mwaka 1996 wachawi wakatangaza kwamba wanarudi kuamua, kwa kuwa waliona hakuna kazi ya kiufundi isiyowagusa watu.

Sisi tulipoanza tulikuwa na sheria chache. Adhabu yoyote iandikwe: nani, lini, kwa nini, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa miaka tisa atakielewa. Kumtoa mtoto kwa siku moja, msimamizi mmoja anatosha. Kumfungia moja kwa moja, watatu kati ya watano wakubali. Kila msimamizi awe na majina mawili, moja la kuchezea lisilo na uwezo wowote, na moja la kazi. Na asiamue mtu kesi ya jamaa yake. Hii ya mwisho iliandikwa kwa dakika mbili na imetutesa kuliko zote, kwa sababu Waswahili tulivyo, nani si jamaa? Ukichunguza sana utakuta mtoto wa Minneapolis na wa Muscat bibi zao walinyonya ziwa moja. Tukakata shauri kwamba kesi ya watoto wawili iende kwa msimamizi asiyekaa nchi ya yeyote kati yao, na ikiwa huko nako kuna udugu, basi aseme mapema.

Lugha nayo ilituletea vituko. Tuliweka programu ya kuzuia matusi, lakini ilitengenezwa na watu wa Kiingereza. Matusi yetu mazito ilikuwa ikiyapitisha bila wasiwasi, ila mtoto akitaka kuandika "mashitaka", neno linageuka nyota nyota, kwani katikati yake mna herufi nne ambazo kwa Kiingereza ni tusi. Watu wa mji wa Scunthorpe huku Uingereza walipata balaa kama hilo mwaka 1996, AOL ilipowakatalia kujiandikisha kwa sababu ya jina la mji wao. Kwa hiyo watoto wetu kwa miezi kadhaa walikuwa na haki ya kushitaki lakini neno lenyewe hawawezi kuliandika. Tukaiondoa programu, tukawa tunasoma wenyewe.

Sasa tufike kwenye lililowafanya wazazi waulize.

Seva yetu imekodiwa, na malipo yake ya kila mwezi, tangu siku ya kwanza, yanatoka mfukoni mwa mzee mmoja wa London. Hakuwahi kudai senti kwa mtu. Watoto wote wanamwita Babu. Kwa heshima yake tulimpa ngazi ya nne, naye alikuwa akiingia Jumamosi, siku pekee ambayo watoto wa Oman na wa Ulaya na Marekani wote hawaendi shule, akitembea tembea na kusifu nyumba za watoto.

Jumamosi moja ya Januari 2022, mjukuu wake aliyeko Muscat, mwenye miaka kumi na miwili, aliikuta nyumba yake imevunjwa. Ilikuwa saa mbili za usiku kwao, na saa tano za asubuhi Toronto. Akampigia simu babu yake, akamtaja mvulana wa Toronto. Mzee hakuuliza. Akamfungia yule mvulana moja kwa moja, kisha akampa mjukuu mavazi kamili ya almasi ili kumpoza. Jioni ile mama wa mvulana akampigia mmoja wetu. Alisema: "Mtoto wangu analia, na mimi sijui hata hiyo seva ni kitu gani. Nataka kujua tu, nani alimhukumu?"

Tuna programu inayoweka kumbukumbu ya kila kipande kinachovunjwa na kila sanduku linalofunguliwa, pamoja na saa yake. Mwenzetu wa Minneapolis, asiye na udugu na upande wowote, akakaa nayo usiku kucha. Ikaonekana kwamba Alhamisi mjukuu alifungua sanduku la mvulana wa Toronto akachukua almasi 41. Jumamosi mvulana akatoboa ukuta wa mjukuu, akachukua almasi 41, haikuzidi hata moja, akaondoka bila kuuziba ukuta. Kupitia tundu lile likaingia lile zimwi la kijani la gemu, linalojilipua likimkaribia mtu, na ndilo lililoibomoa nyumba. Mwamuzi akasema wote wawili wakae nje wiki moja, kisha mvulana asaidie kuujenga ukuta alioutoboa. Wengine kati yetu waliona mvulana ameonewa, kwani alichukua chake. Mpaka leo hatujakubaliana.

Lakini nani atakwenda kumwambia Mzee? Kwa Mswahili hapo ndipo penye kesi. Tulimchagua aliye mkubwa kati yetu kwa umri. Akampigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja kunishitaki?"

"La, mzee. Tumekuja na ombi."

Ombi lilikuwa na mambo mawili. La kwanza, abaki na heshima yake ya mwenye seva, ila jina lake la kuchezea lisiwe na uwezo wa kufungia wala kugawa vitu. La pili, kila Jumapili nakala ya dunia nzima, na majengo yote ya watoto, iwekwe Toronto na nyingine Muscat.

"Seva nalipa mimi," alisema. Na ni kweli, analipa yeye. Kisha akauliza: "Na hizo nakala, mnanihesabu mwizi?"

Mwenzetu akamjibu: "Tunahesabu kwamba sote tutakufa, mzee, na watoto watataka kuendelea kucheza."

Simu ikakatwa. Siku kumi na nane hatukumsikia. Tarehe ya kulipa ilikuwa inakaribia, tukachangishana kimya kimya, ili ikifika na hajalipa watoto wasikute giza. Wahenga walisema mkubwa ni jaa, kila taka hutupwa kwake, na katika siku zile tulijiuliza kama na sisi tulikuwa tunamtupia mzee wa watu taka asiyostahili. Mtu ametoa mali yake kwa watoto wasiokuwa wake, halafu vijana wanamwambia asiguse.

Tarehe ilipofika, alilipa kama kawaida. Jumamosi iliyofuata aliingia, akaandika amri ya kujivua uwezo mwenyewe, mbele ya watoto waliokuwemo, akaenda kutazama kuku wa mtu.

Hatujidanganyi. Akaunti ya kukodia seva ni yake, na akitaka anaweza kujirudishia uwezo wote kwa dakika moja. Hilo ndilo walilolikuta wale wa California mwaka 1996, na hakuna sheria tutakayoiandika itakayolibadilisha. Kilichobadilika ni kwamba siku akifanya hivyo itaonekana kwenye kumbukumbu, na dunia ya watoto ipo pia mahali ambapo mkono wake haufiki. Wala wetu, kwani hakuna kati yetu mwenye nakala zote mbili.

Yule mvulana wa Toronto alirudi. Aliujenga ukuta, kwa mawe mabaya kabisa, kisha akahama. Sasa anakaa vipande elfu nne mbali na wenzake, mwendo wa robo saa kwa miguu ndani ya gemu, na huko anaunda jahazi. Mjukuu hakuwahi kwenda kulitazama. Wengine huenda.

Waliokuwa wadogo mwaka 2020 wamekua, wanataka nao wawemo katika uamuzi. Tumewasimulia habari ya EVE Online ya Iceland, ambako mwaka 2007 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni yenyewe, CCP, alijipatia vitu vya thamani ndani ya gemu kwa njia isiyo halali, na mwaka 2008 wachezaji wakachagua baraza la watu 9 lililokwenda Reykjavik kuhojiana na kampuni. Ikawapendeza mno. Kwa hiyo tumekubali viti viwili vya wasimamizi vipigiwe kura na watoto wenyewe. Wagombea ni sita, na mjukuu ni mmojawapo. Mabishano makubwa ni kama watoto wa chini ya miaka kumi wapige kura. Wa Muscat wanasema ndiyo, wa London wanasema watafuata tu kaka zao.

Mzee alipiga simu juma lililopita kuuliza kama mwenye seva naye ana kura. Wawili wetu wanasema anayo, kama mchezaji yeyote. Wawili wanasema babu wa mgombea akae pembeni. Mwenzetu wa Minneapolis hajajibu.