Mkutubi kama Mhakiki wa Kwanza: Tafakuri kutoka Lokitaung

Katika mijadala yetu ya uhakiki tumezoea kumtaja mwandishi, msomaji, mhakiki na, pengine, mchapishaji. Mkutubi hatajwi. Hudhaniwa kwamba kazi yake ni kutunza vitabu na kuhesabu siku za kuazima. Makala haya yanashikilia kuwa mkutubi wa chuo kikuu ni mhakiki wa kwanza wa matini, maadamu yeye ndiye anayeamua ni matini ya aina gani kabla ya yeyote kati yetu kuisoma. Kwa hiyo mafunzo anayopewa akiwa kazini yanaihusu idara ya fasihi moja kwa moja. Mifano yangu inatoka Turkana, hususan Lokitaung, ambako nilipata kukusanya ngano na ambako suala hili lilinijia kwa uzito.

Lokitaung ni mji mdogo ulio kaskazini mwa Lodwar, kuelekea mpaka wa Ethiopia. Wengi wetu huujua kwa gereza lake. Baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwezi Aprili 1953, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba walifungwa huko, na mnamo 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar. Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, alifungwa pia Lokitaung, na katika Mau Mau General (1967) anasimulia jinsi Kenyatta alivyomfunza Kiingereza humo. Kaggia naye alichapisha Roots of Freedom mwaka 1975. Vitabu hivi viwili, vikifuata mfumo wa Dewey, aghalabu huwekwa katika historia ya Kenya, chini ya 967.62. Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani Kamiti, huwekwa katika fasihi ya Kiswahili, chini ya 896.392. Mwanafunzi anayetafiti fasihi ya gereza nchini Kenya hana budi kujua, kabla hajaingia maktabani, kwamba mada yake imegawanywa baina ya rafu zisizopakana. Asipojua, atadhani kwamba Itote na Kaggia hawamhusu.

Hata hivyo, vitabu vya wafungwa vina bahati ya kuwa vimechapishwa. Mfano mzito zaidi ni simulizi la Nayeche, mwanamke aliyetoka kwa Wajie wa Karamoja. Vijana waliokuwa wakimtafuta fahali aliyepotea walimkuta akichuma matunda ya mwituni katika nchi ambayo baadaye ikawa ya Waturkana. Je, simulizi hili ni nini? Mwanahistoria John Lamphear, katika makala yake ya 1988 kuhusu asili na kuenea kwa Waturkana, alilichukua kama ushahidi wa kihistoria. Mustafa Mirzeler, katika kitabu chake cha 2014, aliwasikiliza wasimulizi wenyewe kama wasanii. Sisi wa fasihi simulizi tungeliita kisasili. Mkutubi hana nafasi ya kuchagua yote matatu, kwa kuwa kitabu kimoja hukaa mahali pamoja, na nambari moja huandikwa mgongoni mwake.

Nambari anayoelekezwa kuichagua ina historia yake. Katika mfumo wa Melvil Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, fasihi imetengewa 800, na fasihi za Afrika 896. Lakini ngano na visasili vya jamii haviingii humo. Vinapelekwa 398.2, katika sayansi za jamii, jirani na mila na adabu. Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba walidai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kiini cha masomo ya fasihi. Silabasi zilibadilika. Rafu hazikubadilika. Leo mwanafunzi wetu hufundishwa darasani kwamba ngano ni fasihi, kisha akifika maktabani huonyeshwa kwamba ngano ni desturi. Kwa mwanafunzi wa Kiturkana athari ni kubwa zaidi, kwa sababu lugha yake ina vitabu vichache mno vilivyochapishwa. Akisimama mbele ya rafu ya 896 asikute chochote cha kwao, anaweza kuhitimisha kwamba watu wake hawana fasihi.

Nilipolijadili jambo hili na mkutubi mmoja mwenye tajriba ndefu ya uorodheshaji, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, kozi nilizohudhuria zote zimenifunza namna ya kuingiza rekodi. Hakuna iliyonifunza kuisoma ngano." Hakuwa akizidharau kozi hizo, na sisi hatupaswi kuzidharau. Muungano wa maktaba za Kenya, KLISC, tangu uanzishwe mwaka 2003 umeziwezesha maktaba kuchangia gharama za majarida ya kielektroniki. Kanuni mpya za uorodheshaji, RDA, zilizotolewa mwaka 2010, zilihitaji mafunzo, na programu za kompyuta kama vile Koha zinayahitaji pia. Ila stadi hizo hueleza jinsi ya kuandika maelezo ya matini. Hazielezi matini yenyewe ni nini.

Pana hoja ya kupinga ambayo haina budi kujibiwa. Baadhi ya wakutubi husema, na kwa haki, kwamba faida ya mfumo wa kimataifa ni kufanana kwake. Kitabu kikinunuliwa kutoka ng'ambo, rekodi yake hunakiliwa ikiwa tayari, na kila maktaba ikijibunia nambari zake ushirikiano utavunjika. Nakubali. Lakini kanda ya ngano iliyorekodiwa Lokitaung haina rekodi ya kunakili popote duniani. Hapo mkutubi yuko peke yake na sikio lake. Fauka ya hayo, nambari ya rafu ni moja, ilhali vichwa vya mada katika katalogi vyaweza kuwa vingi. Simulizi la Nayeche laweza kubaki 398.2 na bado likapatikana kwa anayetafuta historia ya Waturkana, kisasili, au fasihi ya Kiturkana. Kinachohitajika ni mtu anayejua kwamba vichwa hivyo vyote vinastahili.

Mtu huyo hufunzwa, na sehemu ya mafunzo hayo iko mikononi mwetu. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za fasihi ziwaalike wakutubi wanaoorodhesha katika semina zao za fasihi simulizi kwa muhula mzima, na mahudhurio hayo yahesabiwe wanapopandishwa cheo. Pili, mtafiti anayekabidhi kanda maktabani aambatishe maelezo ya msimulizi, mahali, lugha, utanzu na hadhira, ili mkutubi asilazimike kubahatisha. Tatu, maktaba iliyo miongoni mwa wenye lugha iwashirikishe wao katika kutaja tanzu kwa majina yao wenyewe.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kilianzishwa Lodwar mwaka 2017, chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Sayansi na Teknolojia. Nacho kiko katika kaunti moja na Kakuma, ambako tangu 1992 wakimbizi kutoka nchi nyingi wamekuja na masimulizi yao. Maktaba changa ya chuo kama hicho haijafungwa na maamuzi ya miongo mingi. Ikianza kwa kuwapa wakutubi wake elimu ya fasihi sambamba na elimu ya kompyuta, itaepuka kazi ngumu ya kuyasahihisha makosa ya rafu baadaye. Wasimulizi wengi wa Lokitaung niliowasikiliza walikuwa wazee. Kanda zao zitakapofika maktabani, wengi wao hawatakuwapo kumweleza mkutubi kile alichonacho mkononi.