Kiti cha Saharanpur

Ndugu msomaji, jina la Saharanpur huenda umelisikia kwa ajili ya elimu. Maana katika wilaya hiyo, kaskazini ya India, ndiko uliko mji wa Deoband, wenye chuo cha Darul Uloom kilichoasisiwa mwaka 1866. Lakini mji wa Saharanpur wenyewe una sifa nyingine pia, nayo ni kazi ya mbao, na wengi wa mafundi wake ni Waislamu.

Atokaye Delhi husafiri kuelekea kaskazini zaidi ya kilomita 150, katika nchi tambarare iliyo baina ya mito miwili, Yamuna na Ganga, mpaka karibu na vilima vya Shivalik. Hapo, katika mitaa ya mafundi, husikika nyundo zikigonga patasi, na viti, meza na masanduku hutoka mikononi mwa watu waliofundishwa na baba zao au na mafundi wakubwa.

Na tukitazame kiti kimoja tu, kiti cha mikono. Zamani wakuu wa Bara Hindi walizoea kuketi juu ya mazulia na mito. Kiti cha mikono kilienea baada ya kuja kwa wafanyabiashara wa Ulaya. Mafundi wa Kihindi walilipokea umbo hilo, wakalivika nakshi zao wenyewe: majani ya mzabibu, maua, na matundu madogo madogo yaliyopangwa kama dirisha la wavu, mfano wa yale yaonekanayo katika majengo ya wafalme wa Kimoghuli. Mtu wa Unguja hataona ugeni mkubwa, kwani milango ya mtindo wa Kihindi katika Mji Mkongwe nayo imejaa maua na majani.

Mti wake wa asili ni sheesham, ambao ni wa jamaa moja na mpingo wetu. Ni mti mgumu, wa rangi ya kahawia yenye mistari myeusi, na kiini chake hustahimili mchwa. Mbao hukaushwa kwanza kwa subira, kwani mbao mbichi hupasuka na kulegeza viungo. Kisha vipande hukatwa kwa kipimo, ulimi wa kimoja huingizwa katika tundu la kingine, na nakshi huchongwa juu ya mchoro uliokwisha kuandikwa. Mwisho hupigwa msasa na kutiwa nta au vanishi.

Basi yafaa ifahamike kwamba thamani ya kiti imo zaidi katika yale yasiyoonekana. Maua humvuta mnunuzi, lakini kinachombeba mzee wa nyumba ni ulimi uliojificha ndani ya tundu. Fundi akiufupisha ulimi huo, au akitumia mbao mbichi, hakuna ajuaye siku ya kuuza ila yeye na Mola wake. Kwa hiyo mnunuzi na akipindue kiti, atazame viungo chini yake, akitikise, ndipo asifu nakshi.

Jambo jingine lisiloonekana ni mti uliokatwa. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mbao za jamaa hii, mpingo ukiwamo, imewekwa chini ya mkataba wa CITES, ili miti isije ikatoweka. Kiti kizito cha sheesham kikipelekwa nje huhitaji hati, na mbao za mwembe nazo hutumiwa sana. Akatae kupanda mti amemnyima mjukuu wake kazi.

Enyi vijana, msiidharau kazi ya mikono. Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alikula kwa kazi ya mikono yake. Nanyi wenye nyumba, mkimwagiza fundi kiti, mpeni muda wa kukausha mbao na ujira wake bila ya kumchelewesha. Kwani fundi aliyeharakishwa na kupunjwa, ulimi ndio wa kwanza kupunguzwa.