Okapi ya Mfukoni

Muhula uliopita nilimnyang'anya mwanafunzi wangu kisu. Kanuni za shule zaniamuru hivyo, nami sikusita. Lakini nilipoketi ofisini na kukitazama vizuri, sikuisikia hata kengele.

Kilikuwa okapi. Ndugu walimu wa rika langu hawahitaji maelezo. Kwa vijana nitasema kwamba ni kisu cha kukunja, chenye mpini wa mti uliopambwa kwa vipande vya madini vyenye sura ya nyota na mwezi mwandamo, na mgongoni kina pete. Ukikifungua hulia ka! ka! ka!, jino baada ya jino, wala hakikunjiki tena mpaka uivute pete. Chuma chake hushika kutu upesi: ukimenya embe asubuhi, jioni bapa limekuwa jeusi. Sisi tulilisugua kwa majivu, kisha tukalipaka mawese.

Utotoni mwangu mjini Bunia, katika miaka ya 1970, okapi iliuzwa kwa makuta machache tu. Yangu niliipata kwa kuwatekea maji majirani. Hatukuihesabu kuwa silaha. Ilikuwa ya kumenyea miwa, kukatia mipira ya manati na kuchongea magurudumu ya magari yetu ya miti. Penseli ya mwalimu ilipovunjika, aliuliza, "Nani ana okapi?" na nusu ya darasa ikainua mikono.

Mnyama mwenyewe tulimjua baadaye, jambo ambalo hadi leo hunichekesha, maana okapi wa porini hapatikani kokote duniani ila katika misitu ya Kongo, na Ituri ndiko kwao hasa. Siku mwalimu alipotubandikia picha yake ubaoni, miguu ina milia kama ya punda milia, tuliangua kicheko. Vipi mnyama apewe jina la kisu? Hatukujua kwamba neno hilo lilitoka kwa watu wa msituni. Wataalamu wa Uingereza walimwandika mnyama huyo katika vitabu vyao mwaka 1901, na mwaka 1902 Wajerumani wakaanza kutengeneza visu hivyo ili wauze katika makoloni yao ya Afrika. Basi neno la jirani zetu likaenda Ulaya, likaturudia dukani likiwa na bei. Tangu 1988 visu hivyo hutengenezwa Afrika Kusini.

Nilimwita yule mwanafunzi.

"Hiki chaitwaje?"

"Kisu, mwalimu."

"Jina lake?"

Akanyamaza. Kisha akasema ni cha babu yake, naye alikichukua ili achongee penseli kwa kuwa hana kichongeo. Nilimsadiki. Bapa lilikuwa limenolewa miaka mingi hata likabaki jembamba kama unyasi. Hata hivyo sikumrudishia. Nilimtuma akamwite babu.

Mzee alifika kesho yake, amevaa koti. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua polepole huku ametega sikio, akaridhika. Ndipo akaniuliza kama nami niliwahi kuwa nacho. Nikamjibu kwamba changu kilizama mtoni nikiwa darasa la tano.

"Pole sana, mwalimu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani.

Mjukuu wake hadi leo huazima kichongeo.